Mgomo wa Saa Sita Mchana

Mkate wa potica ulikuwa bado na moto wa jikoni, jozi na asali zikinukia ukumbi mzima, na Ludi Perko hakuinua hata kope.

Aune alikata kipande, akakipitisha chini ya pua ya mumewe kama alivyozoea kumfanyia kila Jumapili tangu waoane. Wapi! Kidevu kimezama kifuani, ulimi unatokeza na kurudi kama wa mjusi, mate yanadondokea kitambaa walichomfunga shingoni kama mtoto. Mikono ile iliyowahi kuendesha mtambo wa kuchota mawe ya chuma, mtambo mrefu kuliko kanisa la mji wao wa Harju, sasa imekakamaa mapajani kama ya sanamu.

"Ludi. We Ludi! Mama yako angekuzaba kofi, unaiacha potica ipoe."

"Amelala vizuri leo," sauti ilisema nyuma yake. Ilikuwa ya matroni, Bi Colleen Strand, mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Huyu hajalala," Aune alisema bila kugeuka. "Huyu amezimwa."

"Bi Perko, tulishaongea. Ni dawa zake."

"Dawa za nini? Mliniambia ni kidonge cha kumtuliza, siku chache tu, baada ya ile kasheshe ya Dakta Engdahl. Siku chache zimeota ndevu."

"Ni dawa za skizofrenia."

"Ya nani?"

"Yake."

Aune aligeuka sasa, kisu cha mkate mkononi. "Ludi ana miaka themanini na moja. Ana skizofrenia tangu lini?"

Matroni alitazama dirishani, theluji ilikokuwa inaanguka kwenye maegesho ya magari. "Tangu Februari," akasema.

Mtu asicheke. Maradhi yale ya akili huwashika watu wangali vijana, wakasumbuka nayo umri mzima. Lakini katika nyumba ya wazee ya Birchmoor yalikuwa yanawashika watu wenye vitukuu, tena kwa zamu, tena tangu wenye nyumba wapya walipopunguza wahudumu. Walioshikwa walikuwa wamepangwa pale pale ukumbini, kandokando ya ukuta, vichwa chini, kama makoti yaliyoanguka kutoka kwenye misumari. Ukipita unasikia pumzi tu. Wageni wakija kutembezwa husifu: lo, kumetulia hapa! Ndiyo, kumetulia. Hata makaburini kumetulia.

Aune alifunga mkate wake kwenye kitambaa, akambusu Ludi kwenye upara, akatoka. Alipofika kwenye gari ndipo alipogundua bado ameshika kisu.

*

Mzee alifanya nini hata akazimwa? Aune alijua alichoambiwa tu. Kwamba mlangoni mwa chumba cha kulia Ludi alimzuia Dakta Engdahl, daktari wa meno mstaafu, akang'ang'ania fremu ya chuma ya kutembelea ya daktari huyo, akamtukana, na Engdahl akaenda chini matako kwanza. Kwamba haikuwa mara moja. Kwamba kila ikifika saa sita mchana mzee hubadilika, husimama pale mlangoni, hataki kula wala hataki wengine wale. "Anaona vitu visivyokuwepo," matroni alisema wakati ule.

Aune mwenyewe hakuwahi kushuhudia. Kampuni ya mbali iliponunua Birchmoor ilibandika tangazo getini: ndugu na jamaa wasiwepo saa za chakula, ili wakazi wale kwa utulivu. Utulivu tena! Na Aune, aliyelelewa na Wafini wasiopenda kusumbua mtu kwake, alitii. Alikuja asubuhi, akaondoka kabla ya sahani.

Lakini Ludi kumpiga mtu? Ludi ugomvi wake ulikuwa wa mdomo. Kwa miaka mingi alikuwa mtetezi wa chama cha wafanyakazi pale mgodini, mtu wa kupeleka malalamiko ya wenzake ofisini. Meneja akimwona anakuja koridoni alikuwa anakumbuka ghafla ana simu ya kupiga. Hakuwahi kuinua ngumi. Hakuwa na haja nayo.

"Umekuwa mpole, Aune," rafiki yake Vieno Makela alimwambia Jumamosi iliyofuata, wamekaa ndani ya sauna ya Vieno, kile chumba cha mvuke cha Wafini, akimwagia mawe ya moto maji kwa kata. Mvuke ukapiga dari. Vieno ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la mgomo mwaka sabini na saba, aliyewalisha wachimbaji na watoto wao supu ya viazi kutoka kwenye pipa la kufulia nguo, miezi na miezi, na hata sasa akizungumza hupaza sauti kama anaita foleni.

"Mpole mimi?"

"Mpole kama uji wa mgonjwa. Zamani ungekuwa umeshamkalia huyo matroni juu ya meza."

"Matroni naye ameelemewa, Vieno. Wahudumu wenyewe kiduchu. Kile kitoto Raelynn kinakimbia kutwa nzima hadi viatu vimepasuka."

"Basi waajiri watu! Tangu lini Ludi analipia upungufu wa watu kwa akili yake? Kidonge si mhudumu." Alimwaga kata nyingine kwa hasira, na wote wawili wakainama kuukwepa mvuke. "Tena kasha la kile kidonge lina onyo, mpwa wangu muuza dawa kaniambia. Limezungushiwa ukingo mweusi kama tangazo la msiba. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau kama Ludi wakipewa hicho, wanakufa zaidi ya wasiopewa. Watengenezaji wenyewe ndio wanaosema hivyo! Na wewe unampelekea mkate."

Aune alijipangusa uso. Jasho lilimtiririka, na ndani ya lile jasho mlikuwa na kitu kingine ambacho hakuwa amekisikia tangu ujana wake, kitu cha kuwasha miguu.

"Waswahili wa dunia hii husema usimwamshe aliyelala, utalala wewe," ndivyo msimulizi angependa kuongeza hapa, na Birchmoor walikuwa wanaiishi methali hiyo bila kuijua. Lakini Aune Perko alitoka kwenye ile sauna akajitupa kwenye theluji, akapiga ukelele hadi mbwa wa jirani wakajibu, na alipoinuka alikuwa ameshaamua kumwamsha aliyelala, na atakayelala na alale.

*

Jumatatu walimpigia simu mtetezi wa wazee wa jimbo, ofisi ambayo ipo kwa sheria na ambayo namba yake ilikuwa imebandikwa Birchmoor nyuma ya ua la plastiki. Alijibu dada mmoja wa sauti ya haraka haraka. Alipomaliza kusikiliza, alianza kusema, na kila alichosema Aune alikirudia kwa sauti ili Vieno asikie, na kila alichorudia Vieno alipiga meza.

"Eti hawaruhusiwi kumpa mtu dawa hizo kwa ajili ya wepesi wa kazi yao!"

Meza, pu!

"Eti walitakiwa waniambie hatari zake, na nikubali au nikatae!"

Pu!

"Eti lazima wajaribu kuipunguza pole pole, waone kama anaihitaji kweli!"

Pu! Kikombe cha kahawa kikaruka.

"Eti... ngoja, rudia hapo, mwanangu. Eti ndugu wa mkazi anaweza kumtembelea saa yoyote. Hata saa ya chakula."

Hapo Vieno hakupiga meza. Walitazamana. Sheria hizo hazikuwa za jana. Zilikuwepo miaka yote, watu walizipigania, zikapita, zikawekwa nyuma ya ua la plastiki.

"Vaa koti," Vieno alisema. "Saa sita haijafika."

*

Waliingia Birchmoor kama watu waliokuja kukamata mtu. Raelynn Drift, yule mhudumu kijana kutoka upande wa ziwa, aliwaona wa kwanza. "Bibi Aune! Si saa za wageni hizi, matroni atanimeza."

"Mwambie sheria imeniruhusu. Asipoamini, amuulize Vieno, atamwambia kwa sauti."

"Nitamwambia hadi mgodini wasikie," Vieno alisema.

Ndipo kengele ya chakula ikalia, na Aune akaona.

Raelynn na wenzake walikwenda mlangoni mwa chumba cha kulia, wakajipanga mstari, mmoja huku na mmoja kule na wengine katikati, na kila mmoja akachukua kutoka pembeni bango lililopigiliwa kwenye kijiti kirefu. Wakayainua juu. Kwenye bango moja kuku, kwenye jingine samaki, kwenye la tatu supu. Ulikuwa ubunifu wa wenye nyumba wapya: wazee wengi hawasikii, basi waoneshwe picha, kila mtu aende kwa bango la chakula anachotaka. Ubunifu wenyewe ulikuwa umepata tuzo, ikatundikwa ukutani. Wahudumu walikuwa wakiyatikisa mabango juu chini ili yaonekane, huku wakitembea taratibu mbele ya mlango, wakiita, "Samaki! Samaki huku! Nani wa samaki?"

Aune alishika ukuta. Kitu kilimpanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio, kikatoka kicheko. Alicheka hadi akakaa chini kwenye kiti cha mtu.

"Nini, bibi?" Raelynn alitishika. "Bibi, unaumwa?"

"Vieno," Aune alisema, akifuta macho. "Vieno, unaona ninachokiona?"

Vieno alikuwa ameshaona. Alikuwa amesimama wima, mkono kifuani, kama mtu anayesikia wimbo wa taifa. "Mungu wangu," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Mstari wa mgomo."

Hapa Harju mtoto anajifunza mambo mawili kabla ya kusoma: usitembee juu ya barafu ya Aprili, na usivuke mstari wa mgomo. Waliogoma hujipanga getini na mabango juu ya vijiti, na anayewapita kuingia ndani amewauza wenzake. Watu walihama makanisa kwa ajili ya jambo hilo. Kuna ndugu wawili kwenye barabara ya Pili hawasalimiani mpaka leo kwa sababu mmoja alivuka. Na huyu mzee, ambaye ugonjwa umemnyang'anya majina ya wanawe na jana na juzi, ukamwachia lile moja lililochomwa ndani kabisa, kila siku saa sita mchana alitolewa chumbani akaletwa mbele ya watu waliojipanga mlangoni na mabango juu ya vijiti. Akaambiwa avuke. Akakataa. Akawazuia wengine wasijivunjie heshima. Wakamwita kichaa!

"Mimi nilidhani anachukia samaki," Raelynn alisema polepole, akilitazama bango lake kama ndiyo kwanza analiona.

Aune alimwendea Ludi pale ukutani. Kichwa chini, mate, pumzi. Lakini alipoinama aliona mguu wa kulia. Ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu, kisigino kimezuia gurudumu la kiti. Ndani kabisa, chini ya dawa yote ile, Ludi alikuwa bado amegoma.

*

Matroni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Wabaya ni rahisi. Aliwasikiliza ofisini mwake, akamsikiliza na yule dada wa jimbo kwenye simu, akapiga simu kwa daktari, ambaye huonekana Birchmoor kwenye skrini tu. Daktari akakubali kupunguza dozi pole pole, wiki kwa wiki.

"Mabango siwezi kuyaondoa," matroni alisema. "Ni mpango wa kampuni. Nimeomba, hawajajibu. Na nisikilizeni vizuri. Dozi ikishuka, akamgusa mkazi mwingine hata kwa kidole, sina la kufanya. Atapelekwa mjini Duluth, kwenye wodi ya milango ya kufungwa."

Duluth! Kwa gari la Aune, kwenye theluji, ni kama kumwambia aende mwezini. Na wote watatu walijua wodi ile hutumia dawa gani.

"Basi mimi nitakuwa nakuja kila siku kabla ya saa sita," Aune alisema. "Nitampitisha mlango wa jikoni. Hatauona mstari."

"Kila siku, Bi Perko? Kwa barabara hizi?"

"Niliwapelekea watu kahawa kwenye mstari wenyewe, nyuzijoto ziko chini ya sifuri, na mtoto mgongoni. Usinitishe na barabara."

Basi kukawa kama majira ya kuyeyuka kwa barafu. Kwanza ulimi ulitulia. Kisha mikono ikalegea, siku moja akajikuna pua, na Aune akapiga makofi kama vile mtoto kapiga hatua. Kisha macho. Siku aliyofungua macho akayaacha wazi, alimtazama Aune muda mrefu, akaonja kahawa ya Birchmoor, akakunja uso.

"Nani kapika hii?" akasema, kwa sauti iliyoota kutu. "Menejimenti?"

Aune alikimbia ukumbi mzima akitafuta wa kumwambia. Hakupata mtu ila Dakta Engdahl. "Ameongea!" akamwambia. "Kaisema vibaya kahawa!"

"Ana haki," Engdahl alisema. "Ni mbaya."

*

Kisha ikaja siku ya dhoruba.

Theluji ilianza alfajiri, ikaja ya kulala ubavu kwa upepo. Gari la kusafisha barabara liliteleza likaziba njia ya kuingilia mjini, na Aune na Vieno wakakaa nyuma yake wakipiga honi, saa inakimbia. Walipofika Birchmoor kengele ilikuwa imeshalia. Mlangoni kulikuwa na gari lenye nembo ya jimbo: mkaguzi, aliyetumwa kwa malalamiko yao wenyewe, alikuwa amechagua siku hiyo hiyo kuja bila taarifa.

"Leo leo!" Aune alisema, akikimbia na mabuti yamejaa theluji. "Kati ya siku zote!"

Walipofungua mlango wa ukumbi, mabango yalikuwa juu. Kuku, samaki, supu. Na mbele ya mabango, amesimama kwa miguu yake miwili, mgongo umenyooka, amewageuzia uso wakazi wote na kunyoosha mikono kama mtu anayesimamisha treni, alikuwa Ludi Perko.

"Hakuna anayevuka hapa, wandugu," alikuwa anasema. Sauti haikuwa na kutu tena.

"Perko, niache nikale," Dakta Engdahl alisema, fremu yake mbele. "Supu inapoa."

"Unawauza wenzako kwa supu, Halvor?"

"Mimi ni daktari wa meno! Sina hata chama!"

"Leo unacho. Simama hapa."

Pembeni alisimama mkaguzi, Bwana Osterhus, mtu mfupi mwenye mkoba, ameacha kuandika. Na matroni alikuwa na simu mkononi, kidole juu yake. Aune alikijua kile kidole kinapiga wapi. Engdahl alisukuma fremu. Mkono wa Ludi ukashuka juu yake, ukaishika.

"LUDI!" Aune alipiga ukelele kutoka mlangoni. "Umekwisha! Mgomo umekwisha! Tumeshinda!"

Mabango yakaacha kutikisika.

Ludi aligeuza kichwa. Alimtazama, theluji kwenye nywele, shali imedondoka. Hakuachia fremu.

"Nani kasema?"

"Chama kimesema! Wamesaini!"

"Wamesaini nini?"

Lo! Kuishi na mtu miaka yote hiyo ukasahau kwamba hajawahi kukubali mkataba mara ya kwanza unapotajwa. "Nyongeza ya mshahara," Aune alisema.

"Kiasi gani?"

"Nzuri."

Kicheko kilipita kwenye viti. "Nzuri!" Ludi alisema, akiwatazama wenzake. "Mmesikia? Nzuri si mkataba, mama. Nzuri ni hali ya hewa."

"Na matibabu ya familia nzima!" Vieno alifoka kutoka nyuma, akihema. "Mke, watoto, na mama mkwe!"

"Na pensheni?"

"Na pensheni!"

"Na vumbi la kiwanda cha kusaga mawe?"

"Wataleta mashine za kulifyonza, jengo zima! Utapiga chafya ukitaka mwenyewe!"

Ludi alifikiri. Vidole vyake vilianza kulegea kwenye fremu, kimoja kimoja. Ndipo Ludi akainua macho kupita kichwa cha Engdahl, akayapeleka ukutani.

"Na wale?"

"Wale nani, Ludi?"

"Wale." Alinyoosha kidole kwenye viti vya kandokando ya ukuta, vichwa chini, vitambaa shingoni. "Wamefanywa nini wale? Simwoni aliyeinua kichwa. Nao ni wanachama. Mkataba unasemaje juu yao?"

Aune alikuwa na uongo wa mshahara, na Vieno alikuwa na uongo wa pensheni na wa vumbi. Kwa hili hakuna aliyekuwa na uongo. Aune alitazama vile viti, akaona aibu kwamba miezi yote hiyo alipita mbele ya watu wale akimtafuta wake mmoja. Kisha hasira ikamjia, safi, ya zamani, tamu kama maji ya kisima.

"Waulize wenyewe wenye nyumba," akasema. "Yule pale anawawakilisha."

Ludi aliiachia fremu. Aligeuka, akamtazama matroni kuanzia funguo hadi uso. "Wewe ndiye menejimenti?"

Bi Strand alimtazama mkaguzi, mkaguzi akamtazama yeye. Alitazama ukuta. Uso wake ulikuwa umepata rangi ya nyama mbichi.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Haya. Tunakusikiliza."

"Tuta... tutawapitia. Mmoja mmoja. Kila mtu na dawa yake, kwa nini anapewa, na kama anaihitaji. Ndugu zake wakiwepo."

"Lini?"

"Kuanzia wiki hii."

"Leo," Ludi alisema.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Bi Strand. Aliitazama kama vile mtu mwingine kampa aishike, akaitia mfukoni. "Leo," akasema.

"Paza sauti. Huyu daktari wa meno hasikii."

"LEO!" Bi Strand alisema, na sauti ikampasuka katikati, na Raelynn, aliyeshika bango la samaki, akajikuta anapiga kelele, "Tumesikia!" Na mwenzake wa kuku akasema tumesikia, na wa supu, na mzee mmoja ambaye hakuwa amesikia chochote akasema tumesikia.

"Tupige kura," Ludi alisema. "Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikapanda ukumbi mzima, yenye madoa, yenye kutetemeka, yenye pete zilizolegea. Kwenye viti vya ukutani hakuna aliyeinua kichwa. Lakini Bi Tekla Rautio, aliyekaa wa mwisho karibu na mtambo wa kupasha joto, kitu kilimtikisika chini ya blanketi. Huenda ni dawa tu. Ludi alimnyooshea kidole.

"Nimeuona huo. Unahesabika. Wanaopinga?"

Mkono mmoja ukapanda.

"Halvor?"

"Mimi napinga samaki," Engdahl alisema.

"Imeandikwa. Mkataba umepita." Ludi alitanua mikono, safari hii kufungua. "Ingieni, wandugu. Taratibu. Waliokaa vitini kwanza."

Waliingia wakiimba, kila mtu wimbo wake. Vieno alikuwa anasukuma viti viwili kwa mpigo. Mkaguzi alikuwa ameshaweka mkoba chini akamfuata matroni, na wote wawili walikuwa wameinama mbele ya Bi Tekla. Ludi aliingia wa mwisho, ameshikilia mlango, kama alivyofanya zamani kwenye geti la mgodi. Alikaa mbele ya supu, akashika kijiko.

"Tumeshinda nini, Aune?" akamnong'oneza.

"Kula, mzee wangu. Nitakuambia."

*

Kesho yake barabara zilikuwa safi na Aune aliwahi. Alikuwa na nia ya kumpitisha Ludi mlango wa jikoni kama kawaida. Lakini kengele ilipolia mabango yakainuliwa, Ludi akasikia, akaweka mikono kwenye viegemeo vya kiti akasimama, akaenda mlangoni, akawageukia watu. Alikuwa amesahau kila kitu. Dakta Engdahl alisimama palepale bila kusukumwa na mtu, akaegemea fremu yake kusubiri matokeo. Aune akapaza sauti kwamba mgomo umekwisha, wamesaini.

"Wamesaini nini?" Ludi aliuliza.

Aune alivuta pumzi aanze na mshahara. Lakini mlango wa ofisi ulifunguka, na Bi Strand akatoka bila kuitwa, akaja hadi mbele ya mstari, akasimama upande wa menejimenti.

"Bwana Perko," akasema, "tuanze na wale wa ukutani. Jana tumempunguzia Bi Tekla dawa. Leo ni zamu ya wawili."

Ludi aligeuka kumtazama Bi Tekla. Bi Tekla alikuwa ameinua kichwa, anaitazama supu kwenye bango.

"Hiyo sawa," Ludi alisema. "Sasa nieleze habari za vumbi."